Miwani ya VR ya kuchezea gemu nyumbani: Mambo ya kujua kabla hujatoa hela

Kila Desemba watu wa Kilema, Marangu na Kirua wanaoishi Dar, Arusha na ughaibuni hurudi nyumbani. Kwenye mizigo yao siku hizi kuna vitu ambavyo zamani havikuwapo, na kimojawapo ni miwani ya VR ya kuchezea gemu.

Ni kitu cha kufurahisha kweli. Lakini si kama TV, kwamba ukichomeka tu inawaka na kila mtu anatazama. Hii ni kompyuta unayoivaa usoni, na inataka vitu vinne: nafasi, mwanga, intaneti na akaunti. Ukikosa kimoja, laki kadhaa zinaishia juu ya kabati zikipigwa vumbi.

Haya hapa mambo ya msingi kwa anayetaka kununua, kuagiza au kuletewa.

VR ni nini hasa?

Kwa Kiswahili inaitwa uhalisia pepe. Maana yake ni dunia iliyotengenezwa na kompyuta, ambayo ukiivaa unajiona uko ndani yake.

Ndani ya miwani kuna skrini na lenzi mbili. Kila jicho linaonyeshwa picha iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake. Ubongo unaziunganisha, na kitu cha mbali kinaonekana kiko mbali kweli. Wakati huohuo vipima mwendo vinafuatilia kichwa chako: ukigeuka kushoto, picha nayo inageuka.

Kuna tofauti moja inayowapoteza wengi. Miwani ya bei rahisi inajua tu kichwa kimeelekea wapi. Miwani kamili inajua pia kama umepiga hatua, umeinama au umechuchumaa. Kwenye gemu ya ndondi, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuitazama ngumi ikija na kuikwepa.

Ilikotoka

Mwaka 2012 kijana wa Kimarekani, Palmer Luckey, alichangisha zaidi ya dola milioni 2 kupitia mtandao wa Kickstarter ili kutengeneza miwani ya Oculus Rift. Machi 2014 Facebook ikatangaza kuinunua kampuni yake kwa takriban dola bilioni 2. Ndiyo sababu leo miwani inayojulikana zaidi, Quest, ni ya Meta, yaani Facebook iliyobadili jina Oktoba 2021.

Mwaka 2016 ziliingia sokoni Oculus Rift, HTC Vive na PlayStation VR. Zote zilikuwa na waya na zilihitaji kompyuta yenye nguvu au PlayStation. Mambo yalibadilika Mei 2019 ilipotoka Quest ya kwanza, ambayo kompyuta yake imo humohumo ndani. Zikafuata Quest 2 (2020), Quest 3 (Oktoba 2023) na Quest 3S (Oktoba 2024).

Kwetu Afrika Mashariki VR imekuwapo muda, ila zaidi kama kazi kuliko mchezo. Nairobi kuna kampuni ya BlackRhino VR, iliyoanza mwaka 2015. Kuweka VR sebuleni kwa ajili ya gemu ndiyo habari mpya.

Aina zilizopo na bei zake

1. Ya kuweka simu. Ni boksi la karatasi ngumu au plastiki lenye lenzi mbili, simu yako ndiyo skrini. Google ilianzisha mtindo huu mwaka 2014 na Cardboard yake. Ni rahisi, ila ni ya kutazama video zaidi kuliko kucheza. Simu lazima iwe na kifaa kinachoitwa jairoskopu, na simu nyingi za bei ya chini hazina. Jipime hivi: fungua video ya digrii 360 YouTube, kisha zungusha simu. Picha isipofuata mkono wako, usinunue hilo boksi.

2. Inayojitegemea. Hii ndiyo familia ya Quest. Haihitaji TV, kompyuta wala waya. Quest 3S ilitoka kwa dola 299 na Quest 3 kwa dola 499. Ukipiga dola kwa Sh2,500, ni kama Sh750,000 na Sh1.25 milioni, kabla ya usafiri na kodi.

3. Ya PlayStation. PlayStation VR2 ya Februari 2023 ilitoka kwa dola 549.99, na bila PS5 haifanyi kazi kama miwani ya gemu za PlayStation. Kama una PS4, hii si yako.

4. Ya kompyuta. Picha zake ni nzuri sana, lakini inataka kompyuta yenye kadi ya michoro ya nguvu, ambayo yenyewe inaweza kuzidi bei ya miwani.

Kwa nyumba nyingi, ya namba 2 ndiyo inayoeleweka.

Kununua ukiwa Tanzania

Meta haijaiweka Tanzania kwenye nchi inazouza Quest rasmi. Kwa hiyo miwani iliyopo madukani imeletwa na mfanyabiashara au mtu binafsi, na ikiharibika warranti ya kiwandani ni shida kuifuatilia. Upande wa Sony, Tanzania haimo kwenye nchi za kufungulia akaunti ya PlayStation Network.

Ukiagiza mtandaoni, bei unayoiona si ya mwisho. Kuna usafirishaji, kuna VAT ya asilimia 18 na huenda ushuru mwingine. Uliza TRA au wakala wa forodha kabla, si mzigo ukishafika.

Ukinunua iliyotumika, hapa ndipo watu wanapigwa. Mambo matatu:

Moja, muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake na kufuta kila kitu mbele yako. Kisha iunganishe na simu yako hapohapo, ndipo utoe hela.

Mbili, usilipie gemu "zilizomo ndani." Gemu zinanunuliwa kwa akaunti. Akaunti ya mwenye nayo ikiondoka, gemu zinaondoka nayo.

Tatu, angalia umri wa kifaa. Quest ya kwanza ya 2019 Meta imeshaacha kuipa apdeti. Samsung Gear VR na Daydream ya Google nazo huduma zake zilishafungwa. Ukiona moja ya hizo inauzwa kwa bei ya kutupa, ujue kwa nini.

Sebule yako inatosha?

Kwa gemu za kutembea, Meta inashauri eneo wazi la angalau mita 2 kwa mita 2. Sebule zetu nyingi zina makochi pande tatu, meza katikati na kabati la vyombo. Ukitoa meza na stuli huenda nafasi ikapatikana. Pima kwanza: hatua mbili kubwa kila upande, huku mikono ukiwa umeinyoosha.

Nafasi ikiwa ndogo, kuna gemu za kucheza umesimama sehemu moja au umekaa.

Kabla ya kuanza, miwani inakuambia uchore mpaka sakafuni. Ukiukaribia, unaona ukuta wa mistari. Mpaka huo unasaidia, lakini usiutegemee kukuonyesha mtoto aliyetambaa akaingia katikati. Awepo mtu mzima mmoja asiyevaa, kazi yake kuangalia tu. Jiko, chupa ya chai na ngazi viwe mbali. Na kamba za pedi zivae mkononi, la sivyo TV ndiyo itakayolipa.

Nje uwanjani usicheze. Ardhi ya mlimani ina mteremko na mifereji, na kuna jua, ambalo ni adui mkubwa wa lenzi hizi. Tutalieleza hapa chini.

Umeme na mwanga

Kwenye LUKU miwani haili kitu. Betri ya Quest 3 ina kama wati-saa 19. Uniti moja ya umeme inaweza kuichaji mara 40 hivi, hata ukihesabu umeme unaopotea njiani. Ikijaa inacheza kama saa 2. Inatumia Type-C kama simu nyingi, kwa hiyo hata pawabanki inafaa. Pedi za Quest 3 zinatumia betri ndogo za AA, moja kila pedi.

Lakini kuna jambo wengi hawalijui: umeme ukikatika usiku, hata miwani ikiwa imejaa chaji, gemu inaweza kugoma. Kamera zake zinautazama ukuta na sakafu ili kujua umesimama wapi, na gizani hazioni. Taa ya kuchaji yenye mwanga wa kutosha chumba kizima inamaliza tatizo.

Intaneti na bando

Kuiwasha mara ya kwanza kunahitaji simu janja yenye programu ya Meta Horizon, Bluetooth na Wi-Fi. Hotspoti ya simu inatosha. Kinachouma ni ukubwa wa mafaili. Gemu ndogo zinaishia GB 1 au 2, lakini kubwa kama Asgard's Wrath 2 inafika karibu GB 30. Na kila baada ya muda kuna apdeti, ambayo usipoizuia inakula bando huku umelala.

Kilima chetu kina mabonde. Nyumba moja mtandao unaruka, ng'ambo ya korongo unasuasua. Agosti 2022 TTCL ilipeleka intaneti ya kasi hadi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, lakini hilo halikuhakikishii mtandao wa sebuleni kwako. Pima kasi ukiwa ndani ya nyumba, usiku, wakati watu wengi wako mtandaoni.

Njia ya kuokoa hela: anayeileta kutoka Dar au nje apakue gemu zote huko huko kwenye Wi-Fi, kwa akaunti itakayotumika nyumbani. Gemu nyingi za mchezaji mmoja zikishaingia zinachezeka bila intaneti.

Macho, kichwa na watoto

Kizunguzungu na kichefuchefu ni kawaida kwa wanaoanza. Macho yanauambia ubongo unatembea, sikio la ndani linasema umesimama, na mwili unachanganyikiwa. Anza dakika 10 hadi 15, kwa gemu ambazo unasimama mahali pamoja. Ukihisi vibaya, vua papo hapo. Kuvumilia hakusaidii.

Watengenezaji wanaonya kuwa mtu 1 kati ya 4,000 anaweza kupata degedege au kupoteza fahamu kwa sababu ya mwanga unaomulika. Mwenye kifafa, au aliyewahi kuanguka hivyo, aongee na daktari kwanza. Vivyo hivyo mwenye kifaa cha kuendeshea moyo.

Kuhusu umri, Meta inaruhusu akaunti ya kujitegemea kuanzia miaka 13. Wa miaka 10 hadi 12 wanatumia akaunti inayosimamiwa na mzazi. Chini ya hapo, hapana, hata mtoto alie vipi. Na kumbuka gemu za mtandaoni zina watu wazima wasiojulikana wanaoongea moja kwa moja na mwanao, huku wewe husikii kitu. Tuma picha ya miwani kwenye TV au simu uone anachokiona.

Kisha kuna usafi. Sikukuu nyumba imejaa binamu 15, na miwani moja inapita uso hadi uso. Januari 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa macho mekundu nchini, na ugonjwa ule unaenea kwa kugusana na vitu vilivyogusa jicho la mgonjwa. Mwenye macho mekundu asivae kabisa. Futa sehemu inayogusa uso kila anapobadilika mtu.

Kutunza kwenye baridi ya mlimani

Miezi ya Juni na Julai, miwani ikiwa ya baridi na uso una joto, lenzi zinaweka ukungu. Iache ndani ya chumba chenye joto kidogo kabla ya kuvaa. Usiianike juani ikauke. Lenzi zinafanya kazi kama kioo cha kukuzia: dakika chache za jua zinatosha kuunguza skrini, na doa hilo halitoki. Hata dirishani usiiweke.

Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu cha miwani, bila spiriti. Mwenye miwani ya macho aangalie kama fremu yake inaingia bila kukwaruza.

Nini cha kucheza?

Beat Saber, gemu ya kukata maboksi kwa kufuata muziki, ndiyo ya kuanzia. Haina kutembea, na hata mama mkwe ataielewa kwa dakika 2. Kwa wasiopenda gemu kuna Wander, inayotumia picha za Google Street View. Google iliweka picha za njia ya Kilimanjaro hadi Uhuru mwaka 2013, hivyo bibi anayeitazama Kibo kila asubuhi kutoka kwenye migomba anaweza kuona kilichoko juu, mita 5,895, akiwa amekaa kwenye kochi.

Kabla ya kulipa, jiulize

• Nina mita 2 kwa 2 zilizo wazi?
• Mtandao ndani ya nyumba unatosha, au kuna wa kunipakulia gemu?
• Akaunti itakuwa ya nani, na nywila atabaki nayo nani mleta zawadi akirudi mjini?
• Watoto wa nyumba hii wana umri gani?
• Ikiharibika, nani ataitengeneza?

Swali la tatu lisikupite. Zawadi iliyofungwa kwenye akaunti ya mtu aliyepanda basi Januari 3 ni zawadi itakayomsubiri hadi Desemba nyingine. Kabla hajaondoka, kaeni chini muifungue kwa akaunti ya anayebaki.