Skrini Iliyomrudishia Fundi Mashine Yake

Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika mji mdogo wa Traverse City, jimbo la Michigan nchini Marekani, mafundi watatu walikuwa wakihangaika na mashine moja ya kuchonga chuma. Wa kwanza alishika karatasi yenye safu ndefu za tarakimu akizisoma kwa sauti. Wa pili alizungusha gurudumu la kusogeza meza kulia na kushoto, na wa tatu lile la kuisogeza mbele na nyuma. Wakifika kwenye nukta iliyotajwa, kisu kinashuka, kinakata, kinainuka. Kisha nukta inayofuata, na inayofuata tena.

Walichokuwa wakitengeneza ni kiolezo cha mapanga ya helikopta. Mteja wao, kampuni ya Sikorsky, alikuwa akiwapa nukta 17 tu za umbo la panga, na mchoraji ndiye aliyeziunganisha kwa mstari uliopinda. Mwenye kiwanda, John Parsons, ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu, hakuridhika na mstari wa kukisia. Mhandisi wake, Frank Stulen, alizitumia mashine za IBM za kadi zenye matundu, zilizokuwa zikifanya hesabu za mishahara na mizigo, akakokotoa nukta 200 mahali pa zile 17. Kiolezo kikatoka sahihi kuliko kingine chochote walichokuwa wamekiona. Hapo Parsons akajiuliza: ikiwa tarakimu zinatoka kwenye kadi, kwa nini kadi yenyewe isiisogeze meza?

Swali hilo ndilo lililozaa mashine zinazoongozwa na kompyuta, ambazo leo mafundi duniani kote huziita CNC. Lilizaa pia mvutano ambao haujaisha hadi leo: maarifa ya kukata chuma yakae wapi, ofisini au mikononi mwa anayesimama mbele ya mashine? Skrini za kugusa zinazofungwa kwenye mashine mpya, zenye picha, maswali na maonyo ya kumsaidia fundi, ni sura ya karibuni kabisa ya mvutano huo.

Mwaka 1949 Jeshi la Anga la Marekani lilimpa Parsons mkataba wa dola 200,000. Ndege za kijeshi zilikuwa zikienda kasi zaidi, na mabawa yake yalihitaji kuchongwa kutoka kwenye pande zima la alumini kwa umbo ambalo mkono haungeweza kulifuata. Parsons aliomba msaada wa maabara ya mitambo ya kujiongoza ya chuo cha MIT, na haikuchukua muda kabla wasomi hao hawajauchukua mradi wenyewe, yeye akabaki pembeni. Septemba 1952 MIT ilionyesha hadharani mashine ya Cincinnati Hydro-Tel iliyosogea pande tatu kwa wakati mmoja, ikisoma amri kutoka kwenye utepe wa karatasi wenye mistari saba ya matundu. Kabati zake za elektroniki, zilizojaa valvu, zilichukua nafasi kubwa kuliko mashine yenyewe. Parsons na Stulen walipata hataza yao mwaka 1958, na mwaka 1985 serikali ikawatunukia Nishani ya Taifa ya Teknolojia.

Wenye viwanda hawakuikimbilia. Mashine ilikuwa ghali, na kuandaa utepe kulichukua muda mrefu kuliko kukata chuma chenyewe. Ilibidi serikali inunue zaidi ya mashine 100 na kuzigawa kwa viwanda vya ndege ndipo zikazoeleka. Ili kupunguza kazi ya kuandaa utepe, Douglas Ross na wenzake wa MIT walibuni lugha ya kompyuta iliyoitwa APT. Ilipotangazwa mwaka 1959, waandishi wa habari waligawiwa visahani vya majivu ya sigara vilivyochongwa kwa alumini kama ushahidi kwamba lugha hiyo inafanya kazi.

Lakini APT ilihitaji kompyuta kubwa, na kompyuta kubwa ilikaa ofisini. Programu ikaandikwa huko na mtu ambaye pengine hajawahi kunusa mafuta ya kukatia, kisha utepe ukateremshwa karakanani. Fundi aliyetumia miaka kujifunza kusikiliza mlio wa kisu na kuujua ugumu wa chuma kwa rangi ya vipande vinavyoruka, sasa kazi yake ikawa kufunga chuma, kupachika utepe na kubonyeza kitufe.

Njia nyingine ilikuwepo. Katika miaka hiyohiyo ya 1940 kampuni ya General Electric ilijaribu mfumo wa kurekodi: fundi anachonga kipande cha kwanza kwa mikono yake, mienendo yote inanaswa kwenye utepe wa sumaku, kisha mashine inarudia peke yake. Kurt Vonnegut, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya habari ya kampuni hiyo mjini Schenectady, aliziona mashine za namna hiyo akaandika riwaya yake ya kwanza, Player Piano, ya mwaka 1952, ambamo mikono ya fundi mmoja hodari inarekodiwa na baadaye wenzake wanakosa kazi. Mfumo wa kurekodi haukushika. Mwanahistoria David Noble, katika kitabu chake Forces of Production cha mwaka 1984, alidai kwamba sababu haikuwa ufundi peke yake. Kurekodi kulimtegemea fundi, na wakubwa wa viwanda, waliochoshwa na migomo ya baada ya vita, walipendelea mfumo ambao ungehamishia maarifa ofisini. Wapo wanaompinga, wakisema mfumo wa kurekodi usingeweza kuchonga maumbo magumu ya ndege. Hata hivyo hakuna anayebisha kwamba matokeo yalikuwa hayo: kalamu ilitoka karakanani.

Lugha iliyobaki kwenye mashine ikajulikana kama G-code, na ingali hai. Mstari mmoja husema, kwa mfano, G01 X50. Y20. F200: nenda kwa mstari ulionyooka hadi milimita 50 upande huu na 20 upande ule, kwa mwendo wa milimita 200 kwa dakika. Ni lugha fupi isiyo na huruma. Katika mashine nyingi zenye mitambo ya Fanuc ya Japani, ukisahau ile nukta baada ya 50, mashine huelewa sehemu hamsini kati ya elfu moja za milimita, yaani unene wa unywele. Kisu kinaenda pasipotarajiwa, na fundi anagundua kosa kwa mlio wa chuma kugonga chuma.

Mabadiliko yalianza pale kompyuta ilipopungua ukubwa. Chipu ya kuchakata ilipoingia sokoni mwaka 1971, iliwezekana kuiweka kompyuta ndani ya mashine pamoja na skrini ndogo. Huko Indianapolis, kampuni ya Hurco ilianza katika miaka ya 1970 kutengeneza mitambo ambayo fundi huiandikia programu papo hapo, kwa kujibu maswali. Nchini Ujerumani, kampuni ya Heidenhain ya Traunreut ilitoa mtambo wake wa kwanza wa aina hiyo, TNC, mwaka 1976. Na mwaka 1981 Yamazaki Mazak ya Japani ilizindua Mazatrol, iliyoenea duniani pamoja na mashine za kukereza za kampuni hiyo.

Ubunifu wao ulikuwa wa aina moja. Badala ya kumtaka fundi akariri misimbo, mtambo ulimuuliza yale ambayo angejiuliza mwenyewe: Chuma gani hiki? Kipenyo chake? Urefu? Unataka kukereza nje au kutoboa ndani? Akijibu, mtambo unapiga hesabu ya mwendo wa kisu na kasi ya kuzunguka. Karakana ndogo yenye watu wanne au watano, isiyoweza kuajiri mwandishi wa programu, ikaweza kununua mashine ya CNC na kuitumia wiki hiyohiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Japani iliipita Marekani kwa uzalishaji wa mashine za kuchonga chuma, na mashine rahisi zilizowafaa wenye karakana ndogo zilichangia ushindi huo.

Teknolojia ya kugusa skrini, wakati huo, ilikuwa imeshazaliwa kwingine. Mwaka 1965 Eric Johnson, wa kituo cha utafiti wa rada huko Malvern, Uingereza, alichapisha wazo la skrini inayohisi kidole, akiwafikiria waongozaji wa ndege. Miaka michache baadaye CERN, kituo cha utafiti wa nyuklia kilichoko Geneva, kilikuwa kikijenga mtambo mkubwa wa kuongeza kasi ya chembe, na wahandisi wakaona kwamba chumba cha uongozi kingehitaji maelfu ya vitufe na swichi. Frank Beck na Bent Stumpe walipendekeza skrini ya kioo ambayo vitufe vyake hubadilika kulingana na kazi iliyopo. Mtambo ulipowashwa mwaka 1976, uliongozwa kwa skrini hizo. Kwa hiyo skrini ya kugusa ilisaidia kuongoza mitambo miongo mitatu kabla ya kuingia mifukoni mwetu.

Mbona basi karakana zilichelewa? Jibu ni uchafu. Mkono wa fundi una grisi, hewa ina ukungu wa maji ya kupoza kisu, na vipande vya chuma huruka vikiwa na moto. Skrini za kwanza zilizovumilia mazingira hayo zilikuwa za kukandamiza: tabaka mbili nyembamba hugusana pale kidole kinapobonyeza, kwa hiyo zilikubali hata mkono wenye glavu. Kasoro zake ni kwamba zilitambua kidole kimoja tu na zilikwaruzika upesi. Skrini za kioo zinazohisi umeme mdogo wa kidole ni ngumu na hukubali vidole viwili vya kukuza picha, lakini tone la maji liliweza kuzichanganya. Simu janja zilizofuata iPhone ya mwaka 2007 zilishusha bei ya teknolojia hiyo na kuwazoeza vijana kuitegemea. Parsons alifariki mwaka huohuo.

Baada ya hapo watengenezaji walifuatana. Katika maonyesho ya mashine ya EMO mjini Hannover mwaka 2013, kampuni ya DMG MORI ilileta CELOS, paneli yenye skrini ya inchi 21.5 na alama za programu zilizopangwa kama kwenye simu. Mazak ikafuata na SmoothX mwaka 2014, Siemens na Sinumerik One mwaka 2019, na Heidenhain na TNC7 mwaka 2021. Kwenye mtambo kama TNC7 fundi huchora umbo la kipande kwa kidole na mashine huandika programu yenyewe. Anaweza pia kufungua mchoro wa mhandisi, kugusa matundu anayotaka yatobolewe, kisha kutazama kazi nzima ikichongwa kwenye picha kabla kisu hakijagusa chuma. Ikiwa kishikio cha kisu kitagonga jiriwa, mtambo unamwonya mapema.

Pamoja na hayo yote, tazama paneli yoyote mpya na utaona vitu ambavyo wahandisi hawakuthubutu kuvihamishia kwenye kioo. Kitufe chekundu cha dharura kimebaki kitufe halisi, kinachojifunga kikishabonyezwa. Kirungu cha kupunguza na kuongeza mwendo kipo, na gurudumu la mkono lipo. Fundi anayekaribisha kisu kwenye chuma cha gharama kubwa macho yake yako kwenye kisu, na mkono wake lazima ujue ulichoshika bila kuangalia. Kioo laini hakimpi hisia hiyo.

Afrika Mashariki inalo fungu lake katika historia hii. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa kwa umma. Gari halikuingia sokoni, lakini juhudi hizo ziliacha karakana ya mashine zinazoongozwa kwa tarakimu, ambayo mwaka 1994 iligeuzwa kuwa shirika la Numerical Machining Complex, katika eneo la karakana za reli jijini Nairobi. Shirika hilo limekuwa likichonga vipuri ambavyo vingeagizwa kutoka nje. Ni ushahidi kwamba thamani ya teknolojia hii kwetu iko kwenye kipuri kinachopatikana leo badala ya kusubiri meli, na kwa kazi ya kipuri kimoja kimoja, programu inayoandikwa pale pale kwenye mashine ina manufaa kuliko idara nzima ya ofisini.

Hata hivyo skrini haifanyi kazi upande mmoja. Inayomwonyesha fundi hatua za kazi ndiyo hiyohiyo inayoweza kuiambia ofisi, kupitia mtandao, mashine imesimama dakika ngapi, kwa nini, na zamu ya nani. Watengenezaji huinadi huduma hiyo kwa wenye viwanda kwa bidii ileile wanayotumia kuwanadia mafundi picha na vidokezo. Na mashine nyingi bado zina swichi ndogo ya ufunguo pembeni mwa paneli: ikifungwa, fundi anaweza kuendesha programu lakini hawezi kuibadilisha hata herufi. Hakuna kampuni inayoamua ufunguo huo ukae kwa nani, huamuliwa na mwenye karakana. Anayenunua mashine ya bei kubwa kwa sababu ya skrini yake, kisha akaufungia ufunguo kwenye droo ya meneja, amenunua utepe wa karatasi wa mwaka 1952 wenye picha za rangi.