Mzizi na Kiambishi katika Imla ya Bonde la Ufa

Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliiteua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tahajia ikafuata sikio la mwambao. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima linalotahiniwa, na mtoto wa Njoro, Molo au Eldama Ravine akapimwa kwa sikio asilolirithi. Gikuyu haitofautishi l na r kifonimu; Kikalenjin hakitofautishi p na b, t na d, wala k na g. Chati ya silabi, ba be bi bo bu, humtaka mtoto asikie kwanza ndipo aandike. Hapo ndipo anapokwama.

Muundo wa neno hufungua njia nyingine. Viambishi awali vya upatanisho na vya njeo havianzi kwa b, d, g wala r. Katika "aliruka", anayetambua a-li- hubakiwa na mzizi -ruk- tu wa kukariri, na mzizi huohuo humwandikia "rukia" na "mruko". Mizizi hukaririwa mmoja mmoja. Viambishi ni vichache na havibadiliki ovyo. Kosa linalohesabiwa kuwa uzembe, kumbe ni fonolojia ya lugha ya mama, na halitibiwi kwa adhabu bali kwa mofolojia.