Guru Aliyefuata Reli: Utawa wa Swaminarayan na Mipaka Yake, Ukitazamwa kutoka Bujumbura

Tarehe 28 Agosti 2000 masikio ya Warundi yalikuwa Arusha. Huko ndiko Makubaliano ya Amani na Maridhiano ya Burundi yalikotiwa saini, baada ya mazungumzo yaliyoanza mwaka 1998 chini ya Mwalimu Julius Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela. Siku hiyohiyo, jijini New York, makao ya Umoja wa Mataifa yaliwapokea viongozi wa dini kutoka pande zote za dunia, waliokutana kwa siku nne kuzungumzia amani. Miongoni mwa waliopanda jukwaani alikuwamo mzee wa Kigujarati mwenye umri wa miaka 78, aliyevaa nguo za rangi ya zafarani, asiyemiliki kitu na asiyegusa fedha kwa mikono yake. Aliitwa Pramukh Swami Maharaj.

Jina hilo halina uzito mitaani Bujumbura. Hata hivyo, historia ya mtu huyo na ya waliomtangulia inagusa eneo letu kuliko tunavyodhani, kwa kuwa njia iliyowafikisha watawa wa Gujarat London na New York ilipita Mombasa, Nairobi na Kampala. Makala haya yanashikilia kwamba guru wa kitawa hakuletwa Afrika Mashariki na wahubiri. Alivutwa na waumini wa kawaida, makarani wa reli na wenye maduka, waliomhitaji kwa ajili yao wenyewe. Humo ndimo ilimotoka nguvu yake, na humohumo ndimo ulimo mpaka wake.

Mizizi ya utawa huu ni Sahajanand Swami, aliyezaliwa mwaka 1781 kaskazini mwa India, akahamia Gujarat, na kufariki mwaka 1830 akiwa ameacha maelfu ya wafuasi waliomwita Swaminarayan na kumwabudu kama Mungu. Mwaka 1907 mmoja wa watawa wa njia hiyo, Shastriji Maharaj, alijitenga na uongozi wa kurithi wa madhehebu na kuanzisha jumuiya inayojulikana kwa kifupi kama BAPS. Baada yake alikuja Yogiji Maharaj, kisha Pramukh Swami kuanzia 1971 hadi kifo chake Agosti 2016, na sasa Mahant Swami.

Mtawa wa njia hii huweka nadhiri tano: kuacha tamaa ya mwili, kuacha uroho wa mali, kutofuata ladha, kutofungwa na ukoo, na kuua majivuno. Nadhiri hizi huonekana wakati wa chakula. Mtawa hula katika bakuli la mti. Wali, dengu, mboga, chapati na vitamu vyote hutiwa humo pamoja, vikamiminiwa maji na kuvurugwa hadi kisijulikane kipi ni kipi. Aliyeandaliwa karamu na tajiri wa Nairobi hula kilekile alichokula jana kijijini, kwa maana ya ulimi. Kwa mtazamaji wa nje hili laweza kuonekana jambo dogo. Kwa mfanyabiashara aliyemwalika, ni ushahidi kwamba mgeni wake hanunuliki.

Kuna kisa ambacho wafuasi hawachoki kukisimulia. Mei 1950, katika mtaa mmoja wa kale wa Ahmedabad, Shastriji Maharaj alimteua kijana wa miaka 28 kuwa rais wa taasisi nzima. Sherehe ilipokwisha na wageni kuanza kutawanyika, rais huyo mpya alikutwa ameinama anasugua masufuria na sahani za waliokula. Kijana huyo ndiye Pramukh Swami. Mwanahistoria ana haki ya kuuliza ni kiasi gani cha kisa hiki kimepambwa na miaka ya kusimuliwa. Lakini jumuiya huchagua visa inavyovirithisha watoto wake, na jumuiya hii ya watu wa biashara ilichagua kumkumbuka kiongozi wake akiwa jikoni.

Chaguo hilo si la bahati. Biashara ya Wahindi katika pwani na bara iliendeshwa kwa mkopo: bidhaa zilitoka kwa tajiri wa Mombasa au Zanzibar zikaenda kwa mwenye duka wa bara, na malipo yakafuata baada ya miezi. Katika mtandao wa namna hiyo, mtu pekee asiyeshindana na yeyote ni yule asiye na duka, asiye na mke, asiye na mtoto wa kurithi. Akisema neno katika ugomvi wa ndugu wawili, hakuna wa kumtuhumu kwamba anatafuta fungu lake. Hapa pana jibu kwa wanaoshangaa jinsi watu wa faida wanavyomtii mtu aliyeikana faida. Utawa wake ndio dhamana yao.

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, nyuma yake walifuata Wagujarati wengi: wachuuzi, makarani, wakuu wa stesheni. Miongo ya mwanzo hapakuwa na mtawa wa BAPS hata mmoja Afrika. Waumini walikutana majumbani na katika nyumba za wafanyakazi wa reli, wakaimba, wakasoma, na kungoja barua. Mtawa mmoja, Nirgundas Swami, aliwaandikia kutoka India barua ndefu mno, zenye mafundisho, habari za mahekalu na maonyo ya kimaadili, na barua hizo zilisomwa kwa sauti mbele ya waliokusanyika. Fikiria karani aliyemaliza zamu katika stesheni ya nyika, akiwa na kurasa nyingi za Kigujarati mkononi na majirani wanangoja aanze. Dini iliyohitaji makuhani, ng'ombe na mito mitakatifu ilijifunza kusafiri ndani ya bahasha.

Guru mwenyewe alikuja baadaye. Yogiji Maharaj alifika mwaka 1955 na kuzindua hekalu la Mombasa. Alirudi mwaka 1960, safari iliyozaa mahekalu ya Kampala, Jinja na Tororo. Alikuja mara ya tatu mwaka 1970 kuzindua la Nairobi, akiwa mzee sana, na mwaka huohuo akaendelea hadi London kuzindua hekalu la kwanza la jumuiya hiyo Uingereza. Ukiitazama ramani, karibu kila mji alioufungulia hekalu ni mji wa reli.

Bujumbura haikuwa na reli, na hadi leo haina. Reli ya kati ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam iliishia Kigoma mwaka 1914, na kutoka hapo bidhaa zilivuka Ziwa Tanganyika kwa meli hadi Usumbura, kama mji huu ulivyoitwa. Waasia walifika kama wafanyabiashara, miongoni mwao Waismailia, Waithnaasheri na Wahindu wachache, na utawala wa Kibelgiji ukawatengea mtaa wao: Asiatique, jirani na Buyenzi ya Waswahili. Palikosekana daraja la makarani na wakuu wa stesheni waliokaa mstari mmoja, wakaandikiana, wakatembeleana kwa treni Jumapili. Penye wafanyabiashara wachache na pasipo mstari huo, guru hufika kama picha yenye taji la maua juu ya kaunta, na huishia hapo.

Mwaka 1972 uliumiza nchi zetu kwa namna tofauti. Burundi ilizama katika mauaji kuanzia Aprili. Agosti, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Waliokwenda Uingereza walibeba kidogo sana, lakini walibeba mazoea ya mikutano ya kila wiki na ya kujitolea waliyoyajenga wakiwa Afrika Mashariki. Hekalu la Neasden, London, lililozinduliwa Agosti 1995 na Pramukh Swami, ni kazi yao kwa sehemu kubwa: mawe ya chokaa ya Bulgaria na marumaru ya Italia, yaliyochongwa India kuwa vipande zaidi ya 26,000, kisha kuunganishwa Uingereza kwa nguvu za watu wa kujitolea. Wasomi wa Ulaya wanaliita hekalu la Wahindi wa Uingereza. Ingefaa historia ya Afrika Mashariki nayo ilidai.

Linabaki suala la mlango: nani aliruhusiwa kuingia. Mwaka 1948 wafuasi wa madhehebu ya Swaminarayan walikwenda mahakamani India wakidai kwamba wao si Wahindu, ili sheria iliyowaruhusu watu wa matabaka yaliyobaguliwa kuingia mahekaluni isiwahusu. Januari 1966 Mahakama ya Juu, kwa hukumu ya Jaji Mkuu Gajendragadkar, iliwakatalia. Baadaye uongozi wa Pramukh Swami ulikaribisha watu wa matabaka yote, na watawa walitumwa hadi vijiji vya watu wa makabila ya pembezoni Gujarat. Ila huku kwetu mpaka ulibaki, si kwa marufuku, bali kwa lugha. Mkutano ulioanzishwa na Wagujarati ili wasipotee ugenini huendeshwa kwa Kigujarati, na Mluo au Mganda aliyepita nje hakuwa na sababu ya kuingia. Nadhiri za watawa, zinazowakataza kuzungumza na wanawake, nazo zinawaweka wanawake mbali na guru, na hoja kwamba wanawake wana mikutano na viongozi wao haiondoi ukweli kwamba mamlaka ya juu hayafikiki kwao.

Mfano wa upande wa pili upo Nairobi. Mwaka 1971 alifika A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, mtawa wa Kibengali aliyevuka bahari kwenda Marekani mwaka 1965 akiwa na miaka 69 na kuasisi harakati ya Hare Krishna. Mwandishi wa wasifu wake, Satsvarupa Dasa Goswami, anasimulia kwamba alipoona hekalu walilokaribishwa na Wahindi likiwa tupu huku Waafrika wakipita barabarani, aliagiza milango ifunguliwe na wapita njia waalikwe ndani kuimba na kula. Mwanafunzi wake alihofia wenyeji wangekasirika. Prabhupada hakurudi nyuma. Mhubiri huyu aliwapata wafuasi Waafrika. Hakupata ule mtandao wa koo na maduka ambao uliwezesha BAPS kusimamisha Nairobi, Agosti 1999, hekalu la mawe ya njano ya Jaisalmer lenye mbao zilizochongwa ndani.

Kwa msomaji wa Burundi, hata hivyo, jaribio kubwa la maisha ya Pramukh Swami halimo katika mawe. Mapema mwaka 2002 Gujarat iliwaka kwa ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,000, wengi wao Waislamu. Tarehe 24 Septemba mwaka huohuo watu wawili wenye silaha waliingia hekalu la Akshardham mjini Gandhinagar na kuua zaidi ya watu 30, wengi wao wakiwa waliofika kuabudu na kutembea. Kila mtu alitazamia wimbi jipya la kisasi. Pramukh Swami aliomba utulivu na sala, hakutaja adui, hakudai damu, na wafuasi wake walitii. Gujarat haikuwaka tena. Askari na serikali walikuwa na sehemu yao katika hilo, na si haki kumpa mtu mmoja sifa zote. Lakini katika nchi iliyoona mauaji ya 1972 yakizaa hofu na vita vya 1993, inafaa kuchunguza kwa makini jinsi mamlaka ya mtu asiye na chama, asiye na jeshi na asiye na urithi wa kutetea yanavyoweza kuzuia mkono uliokwisha inuliwa.

Uchunguzi huo unahitaji malighafi. Barua zilizotumwa kwa makarani wa reli ziliandikwa kwa Kigujarati, lugha ambayo ni wanahistoria wachache wa Kiafrika wanaoisoma. Taasisi yenyewe inasema Pramukh Swami alijibu barua zaidi ya 700,000 maishani mwake, na nyingi bila shaka zilitoka kwa familia za Afrika Mashariki: za ndoa, mikopo, magonjwa, uhamisho. Chuo Kikuu cha Burundi, Dar es Salaam na Nairobi vinaweza kuanza na jambo moja la kawaida kabisa, yaani kumfundisha mtafiti kijana Kigujarati na kumpeleka akazungumze na wazee wa Mombasa, Kampala na Asiatique wakati bado wapo.