Maajabu Yanayohojika: Anga za Mbali katika Mchezo wa Elite Dangerous

Anayesafiri ndani ya Elite Dangerous, mchezo wa kompyuta uliotolewa na kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza, Desemba 2014, hutambua mapema kwamba si kila nyota itamjazia tangi. Chombo chake huchota haidrojeni kwenye nyota za madaraja saba tu: O, B, A, F, G, K na M. Huo ni mpangilio uleule ambao Annie Jump Cannon aliuweka sawa kule Harvard mwaka 1901. Mchezaji akifika kwenye nyota kibete nyeupe au nyota ya nyutroni bila akiba ya mafuta, amekwama, na tumaini lake ni Fuel Rats, kikosi cha wachezaji wanaojitolea kuwapelekea mafuta walioishiwa. Uainishaji wa nyota, ambao mwanafunzi wa fizikia huukariri ili afaulu mtihani, hapa unatawala kila hatua ya safari.

Nauchukua mchezo huu kama ushahidi wa rai moja. Jambo la ajabu katika anga ya kubuni hupata uzito wa kimaarifa pale linapochipuka kutoka kwenye kanuni ambayo mchezaji anaweza kuifuatilia hadi kwenye chanzo chake. Ajabu lililopachikwa na msanii huweza kupendeza mno, lakini ukilihoji halijibu.

Galaksi ya mchezo huu ina mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400, na hakuna kundi la wasanii lingeweza kuichora. Imezalishwa na programu iitwayo Stellar Forge. Kwanza programu hiyo huweka mahali pake zaidi ya nyota laki moja zilizopimwa na wanaastronomia. Kisha hugawa tungamo linalobaki kwa kuzingatia umri na kemia ya kila eneo, halafu hukokotoa nyota gani na sayari zipi zingetokea. Wachezaji waligundua kwamba hata majina hubeba habari. Mfumo unaoitwa leo Colonia ulijulikana kwanza kama Eol Prou RS-T d3-94, na ile herufi ndogo d, katika mfululizo wa a hadi h, hudokeza tungamo la mfumo mzima. Mtafutaji wa mashimo meusi huikimbilia h. Hajasoma mwongozo wowote. Amelinganisha majina na alichokikuta, akapata kanuni.

Kisa cha TRAPPIST-1 kinafaa kutazamwa kwa makini kwa sababu husimuliwa vibaya. Tarehe 22 Februari 2017 ilitangazwa kwamba nyota hiyo ndogo nyekundu, iliyo umbali wa takriban miaka 40 ya nuru, inazungukwa na sayari saba zenye ukubwa unaokaribia wa Dunia. Ndani ya mchezo, karibu na mahali hapo, tayari kulikuwa na nyota hafifu yenye sayari saba za mawe zilizoizunguka kwa ukaribu. Washabiki wakasema mchezo umetabiri. Haukutabiri. Penye mabilioni ya mifumo, mingine lazima ifanane na iliyopo, na idadi ya saba ni bahati. Kilicho na maana ni sababu ya nyota kuwepo pale. Nyota hafifu ndizo nyingi kuliko zote katika galaksi, na ndizo ambazo orodha za wanaastronomia huzikosa kwa urahisi. Programu ilipoona tungamo lililohesabiwa jirani na Jua halitoshi, ilijaza pengo kwa nyota za aina hiyo. Ilipatia kwa sababu ilijengwa juu ya hoja sahihi kuhusu yale tusiyoyaona.

Nyota za nyutroni zina sura nyingine. Kila moja hubana tungamo linalozidi la Jua ndani ya tufe la kipenyo cha kilomita 20 hivi. Mchezo huionyesha ikizungusha mikondo miwili ya mwanga wa buluu, na rubani anayethubutu kuingia ndani ya mkondo huchaji injini yake na kuruka mara nne ya umbali wa kawaida. Injini huchakaa kwa kufanya hivyo, na aliyeingia vibaya huyumbishwa asiweze kutoka. Bila shaka fizikia imepindwa hapa: miale ya pulsa, yaani nyota za nyutroni za aina hii, ambazo Jocelyn Bell Burnell aligundua ya kwanza mwaka 1967, haionekani kwa macho namna ile, wala haichaji injini ya mtu. Hata hivyo naukubali upindaji huu. Mhimili wa mzunguko, kasi ya kuzunguka na hatari ya kukaribia vimebaki na uhusiano baina yao, na rubani huusoma uhusiano huo kwa mwili mzima kabla ya kusogea.

Desemba 2018 mchezo uliongezewa mawingu ya Lagrange, na hapa ndipo ninapotofautiana na wabunifu. Joseph-Louis Lagrange alionyesha mwaka 1772 kwamba magimba mawili yanayozungukana huacha sehemu ambamo kitu kidogo kinaweza kutulia. Makundi ya asteroidi yanayoandamana na sayari ya Jupita yanathibitisha hilo, na mwaka huohuo wa 2018 wanaastronomia wa Hungaria walitoa vipimo vinavyounga mkono kuwepo kwa mawingu ya vumbi katika mfumo wa Dunia na Mwezi, ambayo Kazimierz Kordylewski aliyaripoti mwaka 1961. Msingi wa kisayansi ulikuwepo basi. Mchezo ukaujaza rangi nzito, radi, na viumbe wanaoelea kama konokono wa baharini. Ni mandhari ya kuvutia mno. Lakini muulize kiumbe yule anakula nini, au kwa nini wingu hili lina radi na lile halina, hutapata jibu ndani ya ulimwengu wake. Atakayesema kwamba uzuri unatosha, kwa kuwa huu ni mchezo, ajiulize kwa nini wachezaji wenyewe hawakutosheka nao. Kundi la Canonn limejipanga kama taasisi ya utafiti. Januari 2016 vitu vinavyofanana na mimea mikubwa vilipopatikana karibu na Merope, mojawapo ya nyota za Kilimia, wachezaji walianza kupima na kulinganisha maeneo ili kujua vinaota wapi. Jitihada ya namna hiyo inastahili kitu chenye asili, kisichoishia kwenye maamuzi ya mbunifu.

Upungufu unaoniuma zaidi ni wa mashimo meusi. Sagittarius A*, lililo miaka ya nuru ipatayo 26,000 kutoka kwetu, limewekwa kwa heshima: nuru ya nyota za nyuma hupindwa kulizunguka kama nadharia inavyodai. Lakini kando yake hakuna gesi inayong'aa, na hali ni hiyohiyo kwa mashimo yenye nyota mwenza. Ilhali gesi ndiyo iliyotufikisha kwenye mashimo meusi. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei, ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Ilionyesha kwamba eksirei za chanzo kiitwacho Cygnus X-1 hubadilika ndani ya sehemu ya sekunde, dalili ya kitu kidogo mno. Uchunguzi wa nyota mwenza, inayokizunguka kila baada ya siku 5.6, ukabainisha kwamba kitu hicho ni kizito kupita kiasi cha kuwa nyota ya nyutroni. Mng'ao uliokitambulisha ulitoka kwenye gesi iliyopashwa joto ikielekea kumezwa.

Stellar Forge inajua tayari tungamo la kila shimo, ukubwa wa nyota mwenza na umbali baina yao. Hivyo ndivyo vipimo vinavyoamua kama gesi itavuka au itabaki ilipo. Kwa hesabu hiyo wabunifu wangeweza kuwasha baadhi ya mashimo na kuyaacha mengine gizani bila kupachika kitu chochote kwa mkono, na mchezaji akikuta jozi mbili zinazofanana, moja iking'aa na nyingine imezimika, angekuwa na swali ambalo mchezo wenyewe unaweza kulijibu.