Kiti cha Umeme Hakikuja na Mwalimu

Wasee, leo hakuna vichekesho. Leo ni historia, na inaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2023 nilikuwa nimeacha chuo, niko nyumbani Nuu, kazi yangu ni simu na bando tu. Mjomba wangu alikuwa ameanguka kutoka kwenye mwembe miaka kadhaa nyuma, msimu wa maembe, akaumia shingo. Miguu haifanyi kazi kabisa, mikono inafanya kazi kidogo. Siku moja wafadhili fulani wakafika na gari, wakashusha kiti cha magurudumu cha umeme, wakapiga picha, wakaomba, wakaenda. Shughuli yote haikuchukua hata saa moja.

Siku hiyohiyo tukachoma chaja. Ilikuwa ya Marekani, imeandikwa volti 120, na stima yetu Kenya ni volti 240. Tuliazima adapta kwa jirani, ikaingia kwenye soketi, tukashangilia. Ikalia mara moja, ikatoa moshi, kwisha.

Baada ya wiki kadhaa fundi mmoja wa Mwingi akatupatia chaja nyingine. Mjomba akaanza kujiendesha uwanjani, anacheka kama mtoto. Kisha siku ya soko tukatoka naye, na pale njia inaposhuka kuelekea mtoni kiti kikakwama mchangani. Mnajua mchanga wetu wa Kitui. Nikaona vijiti viwili vidogo nyuma, kando ya mota. Nikavifungua, kiti kikawa chepesi kusukuma. Nikajiona injinia.

Tulipotoka mchangani, kiti kikaanza kushuka chenyewe. Nikakivuta, kikanishinda. Kiti kama hicho pamoja na betri zake kina zaidi ya kilo 60, ongeza mtu mzima juu. Mjomba akaachilia kijiti cha kuongozea ili kisimame, wapi! Mkanda hatukuwa tumefunga, tuliona ni wa urembo tu. Kiti kikapinduka mtaroni, naye akavunjika mfupa wa bega.

Kiti kikaenda stoo, kikafunikwa turubai kando ya magunia ya ndengu. Watu wakasema, "Hizi vitu za wazungu haziwezi huku kwetu." Mjomba mwenyewe hakunilaumu. Aliniambia, "Si wewe, kijana wangu. Hatukufunzwa."

Hayo maneno yalinikaa. Nikaanza kusoma hii mashine ilitoka wapi, na nani aliwahi kufunzwa. Nilichopata ndicho hiki.

Ilianza na askari

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, askari aliyevunjika uti wa mgongo kwa kawaida hakuishi muda mrefu. Vidonda vya kulalia na maambukizi ya kibofu vilimmaliza. Kisha zikaja dawa kama penisilini, na madaktari walioamini kwamba hawa watu wanaweza kuishi. Mmoja ni Ludwig Guttmann, aliyefungua kitengo cha majeraha ya uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944. Askari wakarudi nyumbani hai. Swali likawa: sasa wanaishi vipi?

Kiti cha kawaida kilikuwepo. Herbert Everest, Mmarekani aliyeumia mgongo kwenye ajali ya mgodi, na rafiki yake Harry Jennings, injinia, walikuwa wametengeneza kiti chepesi cha chuma kinachokunjika na kuingia kwenye gari, miaka ya 1930. Lakini kiti hicho kinahitaji mikono yenye nguvu. Askari aliyeumia shingo, kama mjomba, hawezi kusukuma magurudumu siku nzima.

Hapo anaingia George Klein, injinia wa Baraza la Kitaifa la Utafiti la Kanada. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 yeye na wenzake walipewa kazi ya kutengeneza kiti kwa ajili ya hao askari. Kufunga mota kwenye kiti halikuwa wazo jipya, wengine walikuwa wamejaribu. Kazi ya Klein ilikuwa kuanza na mtu: huyu mkono wake unaweza kufanya nini? Wakaja na kijiti kimoja cha kuongozea, na magurudumu mawili yanayoendeshwa kila moja kivyake. Gurudumu la kulia likienda kasi kuliko la kushoto, kiti kinakata kushoto. Viti vya leo bado vinafuata wazo hilo.

Mwaka 1956 kampuni ya Everest na Jennings ikaanza kuuza viti vya umeme kwa wingi. Lakini kumbuka vilikuwa vya sakafu laini: hospitalini, sebuleni, barazani. Hakuna aliyekuwa anafikiria mchanga wa Nuu.

Mwanafunzi aliyegeuza kijiti

Sasa twende California. Ed Roberts alipata polio mwaka 1953 akiwa na miaka 14. Akapooza karibu mwili wote. Mwaka 1962 akaingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kwa sababu ya mashine yake ya kupumulia akawekwa alale kwenye hospitali ya chuo.

Roberts alisukumwa na watu kwa miaka. Alipotaka kiti cha umeme akaambiwa hawezi kukiendesha, mkono wake hauna nguvu ya kutosha. Ni kweli hakuweza kusukuma kijiti mbele. Lakini vidole vyake viwili viliweza kuvuta nyuma. Basi wakageuza kile kiboksi cha kijiti, ili akivuta, kiti kiende mbele. Ni hivyo tu. Mtu aliyeambiwa "hauwezi" akaanza kwenda anakotaka bila msukumaji.

Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Kiti ni kilekile na mkono ni uleule. Kilichobadilika ni jinsi kiti kilivyopangwa.

Roberts na wenzake hawakuishia hapo. Mwaka 1970 chuo kikaanza programu ya wanafunzi wenye ulemavu, na ndani yake kukawa na karakana ya kutengeneza viti. Kiti kikiharibika, kuna mahali pa kukipeleka. Wakabana mji nao mpaka kingo za barabara zikakatwa ziwe na mteremko mahali pa kuvukia. Kwa hiyo uhuru wa Berkeley haukutoka kwenye boksi. Ulikuwa na kiti kilichopangwa, dereva aliyezoea, fundi wa karibu, na njia.

Na huku kwetu je?

Usidhani Kenya ilikuwa imelala. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo, APDK, kilianzishwa mwaka 1958, kabla hata ya uhuru. Karakana za Bombolulu kule Mombasa zilianza 1969. Mafundi wetu wenyewe, wengi wao wenye ulemavu, wamechomelea viti na zile baiskeli za magurudumu matatu za kuzungusha kwa mikono. Ukiziona barabarani unaelewa mara moja: zimetengenezwa kwa vumbi letu.

Mwaka 2005 kijana wa chuo cha MIT, Amos Winter, alikuja Tanzania kuangalia kwa nini viti vya magurudumu vinawashinda watu mashambani. Wazo lililotokana na safari hiyo ni kiti kisicho na betri hata moja, kinachoendeshwa kwa kuvuta na kusukuma nondo mbili za mkono. Kilifanyiwa majaribio hapa Afrika Mashariki. Kwa mwenye mikono imara, huenda kitu kama hicho kinafaa Nuu kuliko mota. Kwa mjomba hakingefaa. Ndiyo maana mtu hupimwa kwanza.

Na kupimwa si jambo geni. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa utoaji wa viti vya kusukuma kwa mikono katika nchi zenye uwezo mdogo, wenye hatua nane: kumfikisha mtu kwenye huduma, kumpima, kuchagua kiti, kutafuta pesa na kuagiza, kukiandaa, kumkalisha kimtoshee, kumfunza, na kumfuatilia baadaye. Mwaka huohuo Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 20 kinataja mafunzo ya kujimudu kutembea na vifaa. Mafunzo, sio kifaa peke yake. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, nayo inatambua haki ya kupata vifaa na kufika mahali pote kwa njia inayofaa.

Sasa hesabu. Kiti cha mjomba kilifika 2023, miaka 15 baada ya mwongozo na mkataba. Katika zile hatua nane tulipata ngapi? Tulipata kiti na picha.

Tulianza upya

Mwaka jana nilitoa turubai. Tukampeleka mjomba pamoja na kiti kwa mtaalamu wa hospitali anayepima watu na viti. Kilichofuata kilichukua zaidi ya siku moja, na karibu chote kilikuwa vitu vidogo.

Kwanza, mkao. Makalio yaguse kabisa nyuma ya kiti, mkanda ukae juu ya nyonga na si tumboni, vikanyagio viwekwe kimo ambacho mapaja yanalala sawa. Mto unaofaa uwe chini yake, na abadilishe uzito kila baada ya muda mfupi, maana asiyehisi makalio hahisi kidonda kikianza.

Pili, kijiti. Kilikuwa kulia. Mkono wa mjomba wenye nafuu ni wa kushoto! Miezi yote ile hakuna aliyemuuliza. Kikahamishwa kushoto kwa spana, dakika chache. Nikamkumbuka Ed Roberts.

Tatu, vile vijiti vyangu viwili vya nyuma. Kumbe ni vya kutenganisha mota na magurudumu. Breki za kiti hiki zinafanya kazi kupitia mota: ukiachilia kijiti cha kuongozea, zinajifunga. Ukitenganisha mota, umeondoa breki pia. Hivyo vijiti hufunguliwa mahali tambarare tu, mtu akiwa ameshika kiti, na vinarudishwa kabla ya mteremko wowote. Hiyo ndiyo sentensi moja ambayo ingeokoa bega la mjomba.

Nne, betri. Ni mbili za volti 12, zimeunganishwa kutoa 24. Zinachajiwa usiku baada ya matumizi, kwa chaja ya aina yake, mahali penye hewa, na haziachwi tupu. Kukaa stoo zikiwa tupu ndiko kulikoziua zile za kwanza, ilibidi tuchange kununua nyingine. Na kwa sababu stima huku hupotea, mjomba haondoki mbali bila kuangalia taa za chaji.

Tano, kuendesha. Kasi ya chini kabisa kwanza, uwanjani, mpaka mkono uzoee. Mlima unapandwa na kushukwa moja kwa moja, kamwe si kwa kukata ubavu. Rampu ya mlangoni tuliijenga kwa kipimo kinachokubalika: kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Na akitaka kuhamia kitandani, kiti kinazimwa kwanza, maana mkono wa nguo ukigusa kijiti, kiti kinaruka na mtu yuko hewani.

Mchangani? Hapiti. Tumekubaliana naye njia mbili anazoweza, na fundi wa boda boda wa hapo sokoni alikuja kuangalia kila nati. Huyo ndiye karakana yetu.

Mtasema nalia

Najua kuna mtu ataandika: "Mlipewa bure, bado mnalalamika?" Nimelifikiria hilo. Wafadhili hawakuwa watu wabaya, na bila wao mjomba angekuwa bado kitandani. Lakini mtu akikupa pikipiki bila breki, bure haisaidii ukifika kwenye mteremko. Na lawama yangu sikwepi. Kitabu cha maelekezo kilikuwa ndani ya boksi, nilikuwa na muda wote duniani, na sikukifungua. Mjomba alisema hatukufunzwa. Ni kweli, na pia mimi sikuuliza.

Hakuna mahali kwenye hii historia ambapo mashine peke yake ilimkomboa mtu. Kanada walianza na mkono wa askari. Berkeley waligeuza kijiti, wakafungua karakana, wakakata kingo za barabara. Bombolulu walichomelea kulingana na barabara zetu. Pale watu walipomwangalia anayekalia, kiti kilitembea. Pale walipoangalia kamera, kikaishia stoo.

Kwa hiyo ukiona tena picha ya viti vikigawiwa, kwenye kaunti yoyote, usibonyeze tu moyo ukapita. Uliza hapo kwenye maoni: Amepimwa na nani? Amefunzwa kwa siku ngapi? Betri ikifa anampigia nani? Na kama kwenu kuna kiti chini ya turubai, kitoe leo, tafuta kile kitabu, na kabla ya kugusa nati yoyote muulize mwenyewe ni mkono gani anaoutumia.

Mjomba bega lilipona, lakini halikurudi sawasawa. Siku ya soko anaenda mwenyewe sasa, mkanda umefungwa. Mimi huwa nyuma yake hatua chache, mikono mfukoni, kwa sababu alinikataza kugusa.