Dalali wa magari: kabla na baada ya Instagram

Wadau, juzi baada ya semina tulibishana hadi chai ikapoa. Jamaa mmoja anadai eti Instagram imemuua dalali wa magari. Mie nikamwambia hajafa, kahamia kwenye simu tu. Na kwa kuwa nasoma historia, vumilieni kidogo.

Chukueni Sigi, kule chini ya Amani, Usambara ya Mashariki. Wajerumani walifika pale na reli nyembamba kutoka Tengeni, mwanzoni mwa karne ya 20, wakihamisha magogo ya msituni. Nyumba ya mkuu wa stesheni bado ipo, pale langoni mwa hifadhi ya Amani. Reli ilikufa, na mlima wenye kona kali ukabaki kazi ya Land Rover.

Sasa Land Rover ulikuwa unanunuaje enzi za Ujamaa? Uingizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa State Motor Corporation, shirika la umma, na bila kibali hupati kitu. Muuzaji hakumbembeleza mteja hata siku moja. Mteja ndiye alikuwa akibembeleza. Kwa hiyo magari makuukuu yalipita mkono kwa mkono, na tangazo lenyewe alikuwa fundi. Yeye ndiye aliyejua giaboksi ilishushwa lini, na nani aliwahi kulitumbukiza mtaroni.

Bajeti ya 1984 ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa mwenyewe, na mlango ukazidi kufunguka. Hapo ndipo mitumba ya Japani ilipopata njia. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, na ukaguzi wa lazima kwao ni ghali, hivyo mwenye gari la miaka mingi huona bora aliuze. Kampuni kama BE FORWARD, iliyoanzishwa 2004, zikaweka picha na bei kwenye intaneti. Wengi tukadhani dalali ndiyo basi tena.

Wapi! Fungua Instagram leo: Noah moja ileile, picha zilezile, kurasa tatu, bei tatu. Wote watatu si wenye gari. Kila mmoja kaweka cha juu chake anasubiri umwambie "nipo siriasi". Sasa hao si madalali ni nani? Tofauti ni kwamba dalali wa zamani unamjua kijiwe chake, na akikuuzia jiwe utamkuta palepale Jumatatu. Mwenye ukurasa anabadilisha jina na laini, kwisha habari.

Simtetei dalali, cha juu kinauma. Lakini mkulima wa iliki wa Amani anaweza kukusanya hela ya misimu kadhaa kununua gari moja la kubebea abiria na mzigo. Posti itamwonyesha rangi, viti, na namba D inayomwambia limeingia nchini zamani kiasi gani. Haimwambii kama mita ya kilometa imerudishwa nyuma, wala kama injini itachemka katikati ya mlima likiwa limejaa. Kwa hilo bado lazima mtu alale uvunguni, kisha apande nalo toka Sigi mpaka Amani, namba moja, dirisha wazi, anasikiliza.