Chikungunya

Chikungunya ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu wa Aedes, ambao huuma mchana. Dalili zake ni homa ya ghafla, vipele na maumivu makali ya viungo, ambayo kwa baadhi ya wagonjwa hudumu miezi au hata miaka. Jina limetoka katika Kimakonde, si Kiswahili kama baadhi ya vitabu vya kigeni vinavyodai. Lina maana ya kujikunja, kwani mgonjwa hushindwa kunyooka.

Ugonjwa ulitambuliwa katika mlipuko wa 1952–1953 huko Newala, Masasi na maeneo jirani, kusini mwa Tanzania ya leo. Watafiti Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliueleza mwaka 1955. Uwanda wa juu wa Makonde, ilipo Newala, una shida ya maji, hivyo watu waliyahifadhi majumbani, na humo mbu walizaliana. Mwaka 2004 ugonjwa ulizuka Lamu na Mombasa, ukavuka hadi Komoro na Réunion.

Chanjo ya kwanza, Ixchiq, iliidhinishwa Marekani Novemba 2023 kwa kigezo cha kingamwili zilizopimwa katika damu, kabla ya kuthibitika kwamba inazuia ugonjwa wenyewe. Ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Baada ya taarifa za madhara makubwa, hasa kwa wazee, Marekani ilisimamisha leseni yake Agosti 2025. Chanjo nyingine, Vimkunya, iliyoidhinishwa Februari 2025, haina virusi hai.

Chanjo hizi zilianza kuuzwa kwa wasafiri wa nchi tajiri. Newala, iliyoupa ugonjwa jina, ilistahili kufikiriwa mapema zaidi.